Kibanda Kati ya Nyumba Mbili

Ile siku naikumbuka kuanzia asubuhi yake, mwanangu, maana ilianza na jua kali lisilo na adabu, na wewe ulikuwa mtoto mchanga mgongoni mwangu. Keti kwanza. Nyundo iweke chini. Tangu jana nakusikia ukisema utabomoa hiki kibanda kilicho kati ya nyumba yako na yetu, upate pa kuegesha pikipiki. Sikukujibu kwa sababu nimechoka. Siku hizi hata kukataa kunanichosha. Lakini redio imesema mvua ya upepo mkali inakuja, na kabla hujang'oa nguzo hata moja nataka unisikilize.

Baba yako alikuwa kazini Itumbe, kwenye kiwanda cha chai. Nyumbani tulibaki mimi na wewe, pamoja na babu yako na nyanya yako. Babu yako nilimwita Tata, kama tunavyowaita baba zetu kwa Kigusii. Tulikuwa shambani tukichuma chai alipoinua kichwa akatazama upande wa Keroka. Wingu lilikuwa jeusi juu na jeupe tumboni.

"Hii si mvua ya kunywesha chai," akasema. "Hii ni ya mawe. Twendeni nyumbani."

Dalili ya mvua ni mawingu, na mzee yule hakungoja redio imwambie. Tuliacha vikapu vikiwa nusu. Nyanya yako alikata mikungu ya ndizi aliyokuwa akiitunzia soko la Daraja Mbili, akaiburuta ndani huku akinung'unika. Mimi niliegemeza migomba kwa miti, nikaingiza kuni, nikamfunga ng'ombe bandani. Banda lile lilikuwa chini kwenye kiinamo, fupi, la nguzo nene, na upepo ulikuwa ukilipita juu.

Tata alichukua waya akapanda kufunga mabati. Alianza na nyumba yetu sisi vijana, ingawa ilikuwa mpya. Yake ilikuwa kuukuu, mabati yake yamechoka kama magoti yangu ya leo. Nilimwambia aanze na yake. Akajibu, "Kwenu kuna mtoto." Alipomaliza kwetu na kushuka, upepo ulikuwa umefika.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Paa la Tata lilinyanyuka lote likaenda kuanguka katikati ya chai. Nyanya yako alikuja mbio akaingia kwangu akiwa ameloa chapachapa. Tata alikuja nyuma yake, damu ikimtoka kwenye paji la uso alipokwaruzwa na bati. Akafika mlangoni kwangu, akasimama.

Unajua kwa nini alisimama. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni chinsoni, miiko yetu ya kuheshimiana, na mkwe na baba mkwe ndio inayowabana kuliko wote. Basi akajibanza upenuni, na upenu wenyewe ulikuwa mwembamba. Mawe yalimpiga mabegani. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, baridi kidogo tu alikuwa akilala siku nyingi. Nilimtazama akitetemeka nikajua kwamba akikaa pale hatuna mzee.

"Tata, ingia!" nikapiga kelele. "Sisi ni watu wa kanisa! Mungu hatakuhesabia hii kuwa dhambi!"

"Mokamwana, funga mlango," akasema. Ndivyo alivyoniita, mke wa mwanawe. "Mtoto ataingiwa na baridi."

"Ingia, Tata!"

"Simwogopi Mungu hapa. Naogopa kesho. Kesho nitakutazamaje, nawe utanitazamaje?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimesoma kidogo, na kusoma kidogo kuna moto wake. Nikanyoosha mkono nikamshika koti nimvute ndani. Kumshika baba mkwe, mwanangu! Nyanya yako akaupiga mkono wangu kofi mpaka nikaachia.

"Unataka kumwokoa au unataka kumshinda?" akaniuliza.

"Kwa hivyo tumwache afe?"

"Yeye hawezi kuingia," akasema. "Wewe unaweza kutoka."

Sikuelewa mara moja kwamba mzee asingetuacha peke yetu akajifiche kwingine, ila tukitoka angetufuata. Nyanya yako tayari alikuwa akijifunika karai kichwani. Akanipa sufuria kubwa ya kupikia ugali nikufunike nayo. Tukatoka, sisi tuliokuwa pakavu, tukaingia kwenye mawe, tukimpita Tata bila kumwambia neno, tukashuka hadi banda la ng'ombe. Bandani hakuna miiko, anaingia yeyote. Nilipogeuka nilimwona Tata anatufuata akiwa ameinama, mkono mmoja kifuani.

Tulikaa kwenye majani makavu, mimi upande huu wa ng'ombe, yeye upande ule, mgongo wake umeegemea ubavu wa yule mnyama. Joto lile ndilo lililomrudisha. Kutetemeka kulipopungua alinyoosha mikono, nyanya yako akamkabidhi wewe, naye akakuingiza ndani ya koti. Babu na mjukuu hawana miiko. Nililia, na sioni aibu kusema.

Mvua ilipokata tulikuta chai yote imechanwa na migomba imelala. Nyumba yetu haikuvuja hata tone. Tungeweza kukaa mle tukiwa wakavu, tukawa na haki zote, kisha tukatoka kumwokota mzee upenuni.

Tata aliishi mpaka akakufundisha wewe kupogoa chai. Na mabati yake yaliyopinda aliyakusanya, akayanyoosha kwa nyundo, akajenga kibanda hiki kati ya nyumba mbili ili siku nyingine mtu asilazimike kulala na ng'ombe. Mabati unayotaka kuwauzia watu wa vyuma vikuukuu ndiyo hayo.

Sasa baba yako ndiye mzee. Usiku unamsikia akikohoa. Nyumba yako, uliyoijenga palipokuwa na ile ya Tata, ina vigae, na ndani kuna mke wako, msichana mwenye heshima, lakini baba yako hataingia humo hata mbingu zianguke. Unamjua. Na jana, ulipokuwa stendi, nilimwona na waya mkononi akifunga ukingo wa paa lako. Letu bado hajalifunga.

Wazee husema mwacha mila ni mtumwa. Wengine husema heshima si utumwa. Mimi nimechoka kuamua kati yao. Nakuambia nililoliona: ukimkuta mtu wako amekwama mahali asipoweza kusogea, usisimame mlangoni ukimhubiria. Wewe mwenye miguu ya kusogea, sogea. Utaloa, ndiyo. Utakauka.

Okota nyundo, mwanangu. Ile nguzo ya upande wa chai imelegea, ikaze hiyo kwanza kabla ya wingu. Mungu akujalie paa lisilovuja, akujalie na moyo wa kulitoka, na siku zako za uzee zikifika, usikose mtu wa kukufuata mvuani.