Siku Kode Yangu Ilipomuua Baba Mukubwa Angali Anakula Sombe

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana hata nikinyamaza mimi, mke wangu huwaanzia wageni: "Mumuulize huyu namna alimuua baba yake mukubwa!" Na mimi nainamisha kichwa, naanza kusimulia.

Mimi naandika programu hapa Baraka, kazi ambayo wengi wanadhani ni kutengeneza telefone (kuna mama aliniletea redio, nikaifungua tu kwa aibu). Chumba cha kazi alinipa Baba Mukubwa Asani, kaka wa marehemu baba yangu, na ni yeye aliyeniombea kazi kwa komite ya kilio ya avenyu yetu: niwatengenezee programu ya kutuma mesaji kutoka telefone ya komite kwa kila nyumba mtu akifariki, ili akina mama walete unga na kuni, wanaume walete viti na bashi, turubai la kivuli. "Huyu ni mutoto wangu," aliwaambia, "akiharibu, ni mi nimeharibu." Namba za watu alinitajia mwenyewe, hata ya mdogo wake Sadiki wa Lubondja, ambaye waligombana juu ya shamba la muhogo mpaka wakaacha kusalimiana. "Ya kilio mumutumie," alisema. "Ya arusi, hapana."

Basi mchana mmoja nikaokota kwenye mtandao kipande cha kode cha kupitia namba moja moja na kutuma, nikakibandika, kikakubali mara ya kwanza (hapo ndipo ningeogopa, kode inayokubali mara ya kwanza ina kitu inaficha), nikatafuta jina la kujaribia. Ningeandika Fulani, yakaisha. Lakini Baba Mukubwa alikuwa barazani anakohoa, jina lake likaja lenyewe: "Mzee Asani ametutoka. Kilio kiko nyumbani kwake." Nilipaswa kuondoa namba za watu nibakize yangu, ila bateri ya machini, kompyuta yangu, ilikuwa inakufa, nikasema ah, hii telefone ya komite haina hata inite, salio la kubipu, mesaji itaenda wapi? Nikabonyeza. Kumbe prezida wa komite alikuwa ameweka inite asubuhi, anipe moyo!

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Faida, jirani yetu, kitenge kimefungwa kiunoni, analia "Mama yoo!" mpaka akajitupa barazani, karibu kabisa na miguu ya marehemu, ambaye alikuwa ameshika tonge la bugali na sombe.

"Nani amekufa?" Baba Mukubwa akauliza, machozi yameanza kumlengalenga.

"Ni weye, baba!"

"Mi? Saa ngapi?"

Kabla hajajibiwa uwanja umejaa, vijana wanafunga bashi, viti vinashuka, wanakwaya wameshaanza wimbo, na kila anayemwona mzee anapiga kelele upya. Nikatoka na machini yangu mikononi (sijui niliibebea nini, labda nilitaka waishitaki yenyewe), nikasema ilikuwa majaribio tu, jamani.

"Unajaribia na baba yako?" Mama Faida akaruka. "We hauna jina?"

Prezida akakohoa. "Lakini tumeona, inafanya kazi."

Watu wakacheka, hata Baba Mukubwa akacheka, mimi nikaanza kupumua, halafu nikamkumbuka Sadiki. Nikapiga, hapatikani. Nikapiga tena na tena, jasho linanitoka, maana huyo alikuwa njiani anaamini kaka yake amekufa na ule ugomvi kifuani. Kama moyo wake ungesimama barabarani, ningesema ni majaribio?

Jioni pikipiki ikasimama. Akashuka amejaa vumbi, mikono kichwani, hatazami mtu. "Kaka, unisamehe! Shamba ni lako, lote, ni mi nilikosa!"

"Bote bamesikia," ikajibu sauti ya Baba Mukubwa nyuma ya bashi.

Sadiki akageuka, akamwangalia, akavua kandambili akamtupia, ikampata begani, kisha akamkumbatia wakalia wote wawili, na mimi pia nililia, sioni haya kusema. "Tutaligawa," Baba Mukubwa akawa anarudia, "tutaligawa tu." Chakula cha kilio kikaliwa chote, hata samaki ndakala hazikubaki, watu wakarudi kwao wameshiba.

Tangu siku ile kila programu yangu inaanza hivi, na wewe unayeandika kode uibandike kwako bure:

majaribio = True
if majaribio:
    namba_zote = [namba_yangu]

Na jina la kujaribia ni langu. Nimeapa mbele ya familia nzima, sitamuua tena mtu aliye hai.

Ila juzi Baba Mukubwa aliniita barazani, akaangalia kwanza kama Sadiki, aliyekuja kututembelea, hasikii.

"Mutoto wangu, yule rafiki yangu wa Makobola hafikagi tena huku. Ukimutumia ile mesaji, yeye peke yake, iko mubaya?"