Nephtali na Muziki Usio na Mdomo

Nephtali alizaliwa karibu kabisa na maporomoko, kule wavuvi wanakosimika miti yao katikati ya maji makali na kutundika vikapu vikubwa kama nyumba ya mbuzi. Baba yake alitega pale, na babu yake pia. Yeye, samaki hawakumpenda. Kikapu chake kilirudi na majani, siku nyingine na kandambili ya mtu. Ndugu zake walicheka mpaka wakachoka. Alipofika miaka kumi na sita alinunuliwa baiskeli akawa tolekiste: anabeba watu nyuma, kwenye kiti cha sponji, kutoka soko kuu mpaka mtaa wa Mangobo, kwa jua na kwa mvua. Sasa ana miaka kumi na tisa. Ukimuuliza kazi yake atakuambia, "Miye mupiga-guitare." Toleka, ndiyo hiyo baiskeli, hataji, hata kama umekaa nyuma yake juu ya hiyo toleka.

Mimi ni Nasra. Shule niliiacha darasa la tano, nikabaki kwenye kibanda cha kaka yangu Bilali, anapotengeneza redio na simu. Nephtali alikuja pale kuchaji simu, akawa rafiki, akawa mtu wa kula kwetu.

Muziki ulianza na kadi ya simu, ile ya kuhifadhia nyimbo. Mteja mmoja aliacha simu iliyokufa, akasema kadi tubaki nayo. Bilali akaitia ndani ya redio. Ikatoka guitare peke yake, hakuna anayeimba, inakimbia na kutetemeka, inashuka ghafla na kupanda tena. Nephtali alikuwa anakunywa maji. Aliacha kunywa.

"Hii ni mayi," alisema. "Ni mayi ya kwetu pale chini ya miti."

Bilali alitafuta kwenye simu, akaona kwamba muziki huo unaitwa surf, na kwamba watu wake wanasimama juu ya ubao na maji yanawabeba. Nephtali aliitazama hiyo video mara tatu.

"Wanasimama juu ya ubao? Alors siye tuliyapanda na tumbo tupu, hatukujua ni kazi." Akasema "serfi", na mpaka leo kwetu ni serfi.

Guitare aliipata kwa fundi mmoja, mbao nzuri, lakini nyuzi hazikuwapo. Nyuzi za duka zinakatika haraka. Basi alifanya kama wapiga guitare wengi wa mitaani: waya wa breki ya baiskeli ukiufumua unatoa nyuzi nyembamba ngumu. Akafumua breki ya nyuma. Baada ya mwezi, ya mbele. Mimi nilitengenezewa na Bilali guitare ya sauti nzito, nyuzi nne, kutoka waya wa pikipiki. Bilali mwenyewe akapiga ngoma: pipa la plastiki, sufuria mbili, na ngoma moja ya kweli, ya bendi ya tarumbeta iliyovunjika.

Lakini ule mtetemo wa maji ulikosekana. Bilali akakaa wiki nzima anafikiri, halafu akaenda kwenye toleka ya Nephtali na bisibisi.

"We! Unafanya nini?"

"Natoa springi zako mbili, zile za kubana mizigo."

"Yaya Bilali, kaka yangu, breki tulikula, sasa munakula kiti ya nyuma. Kesho mutakula magurudumu?"

"Magurudumu hayana sauti nzuri."

Alizivuta springi hizo ndani ya kopo la maziwa, akaziunga kwa waya kati ya guitare na spika ya redio. Sauti ya guitare ikaingia upande mmoja, ikatoka upande wa pili inatetemeka, kama mtu anayeimba ndani ya kisima. Siku hiyo tulijiita Kilima ya Mayi, yaani wimbi. Nephtali alitaka kwanza Mayi Mayi. Bilali akamwambia, "Andika mayi mara mbili kwenye ukuta, kama ile jina ya wapiganaji wa porini, asubuhi basoda biko mlangoni."

Mwezi wa sita Tonton Ruffin akafika. Ni mdogo wa mama yake Nephtali, anaishi Ubundu, anahamisha mizigo kutoka treni kwenda kwenye pirogue, ile mitumbwi mikubwa. Ni mtu wa kusema kidogo na kusimama wima. Alikuja kibandani, akasikiliza kipande kimoja mpaka mwisho, akasema:

"Bon. Kule kwangu iko kazi ya kweli, na mama yako amechoka. Nakupatia mpaka dimanche ya mwisho ya mwezi wa saba. Kama hakuna mutu mwenye nganda, hizi baa zenu, ataitisha hii kelele mbele ya batu, na kuitaka tena, unavuka mto na miye jioni ile."

"Sawa, tonton," Nephtali alisema.

Nilimtazama. Hakuwa anadanganya. Na mimi na Bilali tulijua: Nephtali akienda Ubundu, Kilima ya Mayi haipo. Ngoma na guitare nzito bila yeye ni watu wawili wanaotwanga.

Akazunguka nganda saba kwa toleka isiyo na breki, anasimama kwa kuburuza viatu. Kila mahali walimuuliza neno moja: nani anaimba? "Mumeleta lituma, ndizi ya kuponda tu," mama mmoja alimwambia, "samaki iko wapi?" Alirudi jioni, akakaza nyuzi, kesho yake akaenda tena.

Nganda ya nane ilikuwa ya Papa Jean-Paul, karibu na bandari. Alikuwa ameezeka paa jipya, na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba ndiyo siku ya kufungua tena. Orchestre kubwa ingecheza usiku. Mchana hakuwa na mtu. Tulienda wote watatu, akatusikiliza huku amekumbatia tumbo lake.

"Iko muzuri. Inanitikisa huku ndani. Na libanga yangu iko wapi?"

Kwetu mwanamuziki akikupenda, au ukimfanya akupende, anataja jina lako katikati ya wimbo, watu wote wasikie. Hiyo ndiyo kukutupia libanga. Mtu anayefungua nganda bila libanga ni kama amefungua duka la mtu mwingine.

"Papa, muziki yetu haina maneno," Nephtali alisema.

"Basi weka."

"Hapana, papa."

Papa Jean-Paul akacheka. "Kichwa nguvu! Sikiliza: kama jina yangu haisikiki, nitazima groupe, jenereta yangu, miye mwenyewe. Courant ni yangu."

Njiani Bilali alisema ataita yeye, mara mbili tu, Jean-Paul, Jean-Paul, iishe. Nephtali alikataa. "Ukiita jina, batu babaki wanasikia jina tu. Na sauti ya mayi inakufa."

"Weye unataka nini? Tonton yako iko na sanduku tayari!"

"Nataka kucheza ile tulifanya. Kama si ile, heri Ubundu."

"Basi panda treni yako!"

Siku mbili hawakusemeshana. Bilali alipiga bisibisi juu ya meza bila kutengeneza kitu. Nephtali alipita barabarani na abiria, hakugeuza shingo.

Meza ya pili kutoka kibanda chetu anakaa Tantine Ursule, muuza samaki wa kukaushwa, wa kabila la Walokele. Ni shangazi wa Papa Jean-Paul, ingawa yeye mwenyewe anasema, "Ni tumbo tu limemkuza, nilimnawisha huyo." Kila tulipofanya mazoezi alitikisa kichwa: "Hii guitare inataka kusema kitu, ila haijui luga." Alikuwa ameniambia habari za lokole, ile ngoma ya gogo ya kwao, kule mto unakoelekea, yenye sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na inayotuma habari, hata kumwita mtu kwa jina lake la ngoma, kutoka kijiji hadi kijiji. Siku ile ya pili ya ugomvi nilienda kukaa karibu naye.

"Tantine, Papa Jean-Paul iko na jina ya lokole?"

Aliacha kufukuza nzi. "Iko nayo. Kaka yangu alimupatia. Tangu mzee afe, hakuna mutu alimuita nayo tena. Ju ya nini?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka samaki wakaanguka. Kisha akageuza beseni la bati, akashika kisu mkono wa kuume na kijiti mkono wa kushoto. Bati ilikuwa sauti ya juu, ubao wa meza sauti ya chini. Jina lilikuwa refu, mapigo kumi na manne, na maana yake ni mtoto aliyefika mto ukiwa umejaa, asiyeulizwa njia. Alilirudia mpaka nikaliandika lote: juu, juu, chini, juu, chini, chini, mpaka mwisho. Kesho yake alishuka Yangambi kuchukua samaki, akaniambia atarudi Jumapili yenyewe.

Nephtali aliisoma karatasi yangu mara mbili. Akaiweka juu ya goti.

"Donc haina mdomo, lakini inaita."

"Inaita," nilisema.

Alinyanyuka akaenda kwa Bilali, akamnyooshea mkono. Bilali alimwacha na mkono hewani kidogo, halafu akaushika. "Masta, siku mbili hizi nimeharibu redio tatu ju yako."

Tulifanya mazoezi siku tatu. Alilitia jina katikati ya kipande cha pili, mahali guitare inabaki peke yake. Mimi niliona kuna kitu hakiko sawa. Kwenye bati jina lilianza juu likashuka. Kwenye guitare lilikuwa kama linapanda ngazi. Nikafikiri ni springi. Sikusema.

Jumapili mama aliniruhusu kwa sharti kwamba ni mchana, na kwamba Bilali asinipoteze machoni. Nganda ilijaa. Papa Jean-Paul alikaa mbele na shati jipya, wageni wake kulia na kushoto. Tonton Ruffin alisimama mlangoni; sanduku lake lilikuwa chini, kati ya miguu yake. Tantine Ursule aliingia mwisho, bado ananuka moshi.

Kipande cha kwanza watu walitutazama tu. Mmoja akapaza sauti, "Muimbaji iko choo?" Wakacheka. Nephtali hakuinua kichwa.

Kipande cha pili, Bilali alinyamaza, na mimi nikanyamaza. Nephtali akapiga jina. Papa Jean-Paul alikuwa amenyoosha shingo, anangoja kusikia Jean-Paul. Nephtali akapiga tena. Hakuna kitu. Mara ya tatu. Wageni wakaanza kumtazama mwenye nganda, naye akasimama, akavuta shati lake, akaelekea nyuma kwenye groupe. Tonton Ruffin aliinama kushika mpini wa sanduku.

Ndipo Tantine Ursule akapiga makofi, amekasirika na anacheka vyote pamoja:

"Munamushika miguu! Kichwa iko chini! Mutoto wa kaka yangu munamuita kichwa chini!"

Nilitazama mkono wa Nephtali. Kila penye juu, kidole chake kilikwenda kwenye uzi wa juu. Uzi wa juu wa guitare, ule ulio karibu na kidevu, ndio mnene, ndio wenye sauti ya chini kuliko zote. Mimi niliandika "juu" ya sauti. Yeye alisoma "juu" ya mkono.

"Nephtali!" Sijui sauti ile niliitoa wapi, hata Bilali aliruka. "Geuza! Uzi wa chini ndiyo juu!"

"Nini?"

"Juu ya sauti, hapana juu ya mukono! Geuza yote!"

Alinitazama kama nimeshikwa na homa. Halafu nikaona ameelewa. Alifuta jasho la vidole kwenye suruali, akashuka kwenye nyuzi nyembamba, akapiga. Mapigo kumi na manne, polepole, springi zikiyabeba mpaka ukutani.

Papa Jean-Paul alikuwa ameshaweka mkono kwenye groupe. Aliuacha pale pale. Mzee mmoja pembeni, Mlokele bila shaka, alijibu kwa vidole juu ya chupa yake. Tantine akapiga vigelegele.

"Tena," Papa Jean-Paul alisema. Hakusema kwa nguvu, lakini tulisikia.

Nephtali akapiga tena. Papa Jean-Paul akatoa mkono kwenye groupe, akapangusa uso wake wote na kitambaa, kama mtu mwenye joto sana, akarudi kukaa. "Endelea na mayi yenu," alisema. Bilali akaangusha fimbo zake juu ya pipa, nami nikamfuata, na tulicheza vipande vyote sita. Wengine walisimama kucheza, wengine waliendelea kula. Yule wa choo alipaza sauti tena, akitaka sebene, ile guitare ya kuchezesha watu. Safari hii hakuna aliyecheka naye.

Baadaye Tantine alituambia jina lile kichwa chini linasema nini. Linasema, kwa kukadiria, kuku amelala ndani ya sufuria.

Papa Jean-Paul alituita nyuma. "Kila dimanche, saa nane ya mchana. Na Noeli mutakuwa na muimbaji."

"Saa nane, sawa papa," Nephtali alisema. "Muimbaji, hapana."

"Bila muimbaji mutabaki saa nane, ni jua kali, hakuna mutu."

"Tutacheza."

Tonton Ruffin alikuwa amesikia yote. "Miye sijaipenda," alisema. "Inaniuma meno. Lakini nilisema mutu aitishe, na ameitisha." Nephtali alimbebea sanduku mpaka kwenye pirogue ya kuvuka, wakaagana kwa mkono, na tonton akakaa mbele bila kugeuka.

Jumapili iliyofuata alikuja bwana mmoja wa Banalia, mfanyabiashara, anataka na yeye apigwe jina. Nephtali akamuuliza jina lake la ngoma. Hakuwa nalo.

"Nitengenezee moja, kijana, nzuri nzuri."

"Papa, siye hatutengenezi. Leta mutu wa kwenu aipige mbele yangu, nitajifunza hata kama ni mwezi."

Bwana yule alikasirika, akaondoka na watu wake wanne. Tukabaki na wasikilizaji kumi na mmoja na jua juu ya meza. Bilali alipumua kwa nguvu, akashika fimbo zake. Nephtali alikaza uzi mmoja, akasikiliza, akakaza tena kidogo.

"Un, deux," akasema, "un, deux, trois."