Fundi wa waya za meno aliyejitia kithembe

Saa mbili na robo asubuhi, koleo liko mkono wa kulia, waya mwembamba uko mkono wa kushoto. Mama mmoja wa makamo, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, anaukunja waya ule mara moja, mara mbili, anauinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha anaufinya tena kidogo. Mezani mbele yake yamepangwa meno meupe ya jasi, ya juu na ya chini, taya baada ya taya.

"Huyu ananyonya kidole," anasema bila kuulizwa, akiligusa taya mojawapo. "Ana miaka minane, sana sana tisa. Na huyu hapa anasaga meno usingizini. Maskini, sijui anaota nini."

Hajawahi kuwaona watoto hao. Kwa miaka ishirini na miwili amewatengenezea waya za meno watoto zaidi ya elfu sita, na mpaka mwaka huu ulipoanza, hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa naye akazungumza naye. Anawajua kwa meno yao tu.

Pale kliniki jina lake la kwenye vyeti wamelisahau karibu wote. Wanamwita Bi Koleo, na anaitika. Karakana yake ni chumba cha nyuma, kati ya stoo na choo cha wafanyakazi. Kuna sinki lililopauka kwa jasi, feni ambayo haiwashwi kwa sababu inapeperusha vumbi, na kalenda ya mwaka juzi iliyobandikwa kuficha ufa ukutani.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtoto anang'ata udongo laini wa kuchukulia chapa. Ndani ya chapa hiyo inamiminwa jasi, na jasi ikikauka fundi anabaki na meno ya mtoto bila mtoto. Juu ya meno hayo anatengeneza kifaa cha kuvaa na kuvua: plastiki ya waridi inayolala juu mdomoni, na waya unaopita mbele ya meno kuyarudisha ndani taratibu. Kliniki nzima wanakiita kaakaa, kwa mkato.

Lakini leo Bi Koleo hana raha. Kila mlango unapolia anageuka. Saa tatu atakuja binti wa miaka kumi na miwili, ambaye yeye humwita Mtangazaji, na daktari atampima meno kwa mara ya nne.

Kipimo cha nne ndicho cha mwisho. Kliniki hii inahudumia familia zisizo na uwezo, na kwenye orodha kuna watoto arobaini na tatu wanaosubiri. Meno ya mtoto yasipokuwa yamesogea kufikia kipimo cha nne, nafasi yake anapewa mwingine. Mtangazaji alipopimwa mara ya kwanza, meno yake ya juu yalikuwa yametangulia mbele ya ya chini kwa milimita tisa. Mara ya pili, tisa. Mara ya tatu, tisa vilevile.

"Na kosa lilikuwa langu," ananiambia Bi Koleo, akiliweka koleo chini. "Andika hivyo hivyo, usinipambe."

Basi nitaandika hivyo hivyo, ingawa mama huyu anastahili kupambwa kuliko wengi waliovalishwa maua.

Hakuja hapa kuwa fundi. Alikuja kufagia. Miaka hiyo karakana ilikuwa ya mzee mmoja mkali, mtu wa kununa, ambaye hakutaka vumbi lake liguswe. Siku moja sinki likaziba. Mfagiaji akachukua waya wa kutundikia nguo, akaukunja kwa mkono, akaupitisha kwenye kona tatu za bomba na kuzibua uchafu wote. Yule mzee akautoa waya kwenye ndoo, akautazama weee, kisha akauliza, "Nani kakufundisha kukunja hivi?"

"Nikamwambia hakuna. Akanirushia koleo. Akasema, kesho uje na aproni."

Alijifunza kwa vibanio vya karatasi kwa mwaka mzima, ndipo akaruhusiwa kugusa waya wa kweli. Baadaye akasoma miaka miwili, akapata cheti. Mzee alipostaafu alimwachia kiti chake, tupa zake tano, na onyo moja: kifaa kikivunjika mdomoni mwa mtoto, wa kulaumiwa ni wewe fundi.

Onyo hilo lilimwingia hasa. Bi Koleo akawa fundi wa vifaa visivyovunjika, na sifa hiyo aliivaa kama medali. Mafundi wa kliniki nyingine wakilalamika kwamba kazi zao zinarudi zimepasuka, yeye anajibu kwa madaha, "Za kwangu ukiangusha, kinachopasuka ni sakafu."

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Kaakaa la kwanza la Mtangazaji lilirudi baada ya miezi miwili na karatasi ya daktari: halikai, halimwingii. Bi Koleo akadhani limepinda. Akatengeneza la pili, nene zaidi. Nalo likarudi na maneno yaleyale. La tatu akalijaza plastiki kwelikweli. Likarudi.

"Nilikasirika, nisikufiche. Nikasema huyu mtoto anachezea jasho langu. Nikalichukua lile la tatu nikaliwekea taa. Jamani! Lilikuwa linang'aa."

Kung'aa, kwa fundi wa meno, ni habari mbaya. Kifaa kinachovaliwa usiku na mchana kinafifia, kinakwaruzwa na ulimi, kinashika rangi ya chai, na meno ya chini yanaacha alama zake. Hiki kilikuwa kipya kama kimetoka mezani. Mtoto hakukivaa. Na asipokivaa, meno yanarudi yalikotoka, kisha kifaa hakiingii tena.

Fundi mwingine angeandika "mgonjwa havai" na kuendelea na shughuli zake. Bi Koleo naye alikaribia kufanya hivyo. Kalamu ilikuwa mkononi tayari.

"Nikajiuliza, kwa nini? Mtoto anakuja tangu asubuhi, anang'ata ule udongo mbaya mpaka anataka kutapika, halafu kifaa akipewa hakivai? Kuna jambo."

Akavua aproni, akaenda chumba cha mbele. Kwa miaka yote hiyo mafundi hawaendi mbele. Wagonjwa ni wa daktari, jasi ni ya fundi. Daktari, kijana mwungwana anayemwita mama, alishangaa.

"Mama, umepungukiwa nini huko nyuma?"

"Mwenye meno," akamjibu.

Mara iliyofuata binti alipokuja na mama yake, Bi Koleo alikuwepo chumbani. Mama mtu, mshona nguo, ndiye aliyejibu kila swali. "Anavaa, fundi. Namwona kwa macho yangu kila asubuhi akilivaa. Mwanangu si mwongo." Binti alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mdomoni.

Bi Koleo akachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, lichomeke, unihesabie tano mpaka kumi. Taratibu tu."

Binti akalisukumiza kwa kidole. "Tano," akasema. Ilipofika sita, ulimi ukagonga ukuta wa plastiki, ikatoka "thita". Saba ikawa "thaba". Nane hakuifikia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

Ikabidi yote yaelezwe. Yule binti alikuwa ndiye msomaji wa taarifa ya shule kwenye gwaride la asubuhi. Alichaguliwa kati ya darasa zima kwa sauti yake. Siku ya kwanza aliposimama na kaakaa mdomoni, shule nzima iliangua kicheko. Siku ya pili wakaanza kumwigiza. Siku ya tatu mwalimu wa zamu, kwa kumwonea huruma, akampa karatasi mtoto mwingine. Tangu hapo, kila akifika getini analitoa kaakaa na kulificha kwenye mkebe wa penseli, na halirudi mdomoni mpaka kesho yake asubuhi, mama yake akimtazama.

"Na kila aliporudi kwangu nilimwongezea unene," anasema Bi Koleo. "Yeye analia ulimi hauna pa kupita, mimi najenga ukuta. Kisa? Nisije nikaambiwa changu kimevunjika. Roho ilinisuta, mwandishi. Sikumgombeza hata kidogo. Ningeanzia wapi?"

Alichofanya baadaye ndicho kilichonileta kwenye karakana hii. Bi Koleo aling'ata udongo mwenyewe, akamimina meno yake mwenyewe, akajitengenezea kaakaa nene sawasawa na lile la mtoto. Akalivaa siku tatu mfululizo, kazini na nyumbani.

Siku ya kwanza dada yake mkubwa alimpigia simu saa nne asubuhi. "We! Umelewa?" Akajaribu kueleza, ndiyo kwanza mambo yakaharibika. Dada akamwambia akae palepale, asinywe tena chochote, anakuja. Na alikuja kweli, na chupa ya maji baridi, akamkuta mdogo wake anacheka mpaka hana mbavu.

Siku ya pili hakucheka. Alikwenda dukani, akaomba sabuni, na muuza duka akamrudishia neno lake vilevile kwa kithembe, huku akiwakonyeza wateja. "Nina miaka hamsini na mitatu," anasema, "na nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Huyu mtoto alikuwa mbele ya watu mia sita."

Ulimi unagusa wapi mtu anapotamka? Hakuna aliyewahi kumfundisha hilo. Alikausha kaakaa lake, akalinyunyizia unga mwembamba, akalivaa kwa tahadhari, akasema "sisi", kisha akalivua. Palipofutika unga ndipo ulimi ulipogusa. Akasugua hapo kwa msasa. Akanyunyiza tena, akasema tena. Wafanyakazi waliokuwa wanapita kwenda chooni walimsikia mchana kutwa, "sisi, sasa, sita, saba," wakaanza kuulizana kama mama yetu yuko salama.

Akagundua pia kwamba kaakaa la binadamu si laini kama sahani. Nyuma tu ya meno ya mbele lina vituta, na ulimi unavitumia kujua uko wapi. Akavichonga vituta hivyo kwenye plastiki, kimoja kimoja. Kaakaa la nne la Mtangazaji likatoka jembamba karibu kama ukucha, na matuta yake.

"Nililikabidhi hivyo hivyo. Nilijua hili linaweza kupasuka. Nilijua kabisa."

Na lilipasuka. Wiki ya sita, mama mtu alikuja na binti yake, anatweta, ameshika kitambaa alichofungia vipande viwili. Alikuwa anaomba radhi kabla hajafika mlangoni. Bi Koleo akakifungua. Plastiki ilikuwa imefifia, imekwaruzika, ina rangi ya chai, na alama za meno ya chini zilionekana waziwazi.

"Dada yangu, usiombe radhi," akamwambia. "Limevaliwa hili! Limevaliwa!" Wanasema alilia. Yeye anasema ni vumbi. Akaliunganisha kwa dakika arobaini, binti akisubiri kwenye ngazi, kwa kuwa karakana haikuwa na kiti cha pili.

Mama yake anasimulia kwamba nyumbani sasa hakukaliki. "Anasoma kwa sauti kila kilicho mbele yake. Pakiti ya sabuni, risiti za vitambaa, karatasi ya dawa ya bibi yake. Bibi mtu amechoka kusikia madhara ya vidonge vyake."

Saa tatu na dakika tano mlango unalia. Mtangazaji anaingia na sare ya shule, mama yake nyuma. Mimi na Bi Koleo tunasimama ukutani chumba cha mbele. Daktari anamlaza binti, anavuta taa, anaingiza kipimo. Anapima. Anafuta kipimo, anapima tena. Mama mtu ameushika mkoba wake kwa mikono miwili, na Bi Koleo amefumba macho.

"Sita," anasema daktari. "Milimita sita. Yamerudi tatu. Anaendelea."

Mama mtu anaketi, kumbe nyuma yake hakuna kiti. Tunamwinua sisi wawili. Binti anajitazama kwenye kioo kidogo, upande huu na upande ule, hajui acheke au afanyeje.

"Na shule?" Bi Koleo anamuuliza. "Umesoma tena?"

"Jana. Nilimwomba mwalimu wa zamu mwenyewe."

"Na kaakaa mdomoni?"

"Nalo mdomoni."

"Walicheka?"

"Walicheka, fundi." Bi Koleo anaanza kubadilika uso, binti anawahi. "Taarifa yenyewe ilikuwa ya mbuzi aliyeingia ofisini kwa mwalimu mkuu akala ratiba. Na mwalimu mkuu mwenyewe alicheka."

Tunarudi karakana. Bi Koleo anashika koleo, analiweka, anashika tena. Ombi lake kwa daktari limekwisha kukubaliwa: kuanzia mwezi ujao patawekwa kiti cha pili hapa ndani, na kila mtoto ataketi dakika kumi kabla waya wake haujakunjwa. Amebakiza miaka saba kustaafu, na ameshapiga hesabu kwamba ni watoto kama elfu mbili.

"Wote waje wakae hapo, waniambie wanafanya nini na midomo yao," anasema. "Anayeimba aniimbie. Anayepiga filimbi aje nayo. Ndipo nikunje."

Namuuliza kama kesho naweza kurudi kumpiga picha zaidi akiwa kazini. Anatikisa kichwa.

"Kesho asubuhi sipo. Nimeomba ruhusa ya saa mbili tu, ya kwanza tangu nianze kazi hii." Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la aproni, na hapo nina hakika si vumbi. "Nakwenda kusimama gwarideni na wanafunzi. Sijawahi kumsikia mtoto wangu hata mmoja akisoma mbele ya watu."