Mama Nafasi na Sufuria Iliyotulia

Kiwandani walimwita Mama Nafasi. Kabla ya kufungulia mvuke alitumbukiza ufito ndani ya sufuria, akahakikisha juu ya maji imebaki nafasi tupu ya urefu wa mikono miwili. Sufuria hiyo, kubwa kuliko chumba alichopanga, ilichemsha maji ya kimea kabla hayajawa bia, na ikijazwa sana hufurika povu la kuunguza.

Alikuwa na masharti yake. Mvuke upunguzwe kabla ya mchemko wa kwanza. Mpira wa maji baridi uwe mkononi, si ukutani. Hopsi, yale maua machungu, zimwagwe konzi kwa konzi, na mmwagaji asimame ubavuni mwa mlango wa sufuria. Kigoda chake alikikata mguu mmoja ili akisinzia aanguke. Wenzake walicheka, naye akawaacha wacheke.

Wageni wa kazi hiyo hukosea mahali pamoja: povu likishuka, hupumua. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu. Hopsi zikiingia kwa wingi, sufuria iliyotulia huamka yote kwa mpigo. Mumewe, mchemshaji wa kabla yake, alimimina mfuko mzima ameinama mlangoni, akapoteza macho yote mawili. Siku hiyo Mama Nafasi mwenyewe alikuwa akipiga deki hatua kumi kutoka hapo. Alimwona akiinama, akaona sufuria imetulia, akaendelea na deki. Hilo hakuwahi kumwambia, na kwa miaka kumi na mmoja lilimla moyo. Watu walidhani aliomba kazi ile kwa ushujaa.

Kila jioni mumewe aliipapasa mikono ya mkewe, kidole kwa kidole hadi kiwikoni, ndipo akala.

Fomeni mpya alikuja na pupa yake. Asubuhi moja aliagiza sufuria ijazwe mkono mmoja zaidi.

"Mama, hapa tunauza bia, hatuuzi nafasi."

"Basi koki ya mvuke utafungua mwenyewe, baba. Mimi nipeleke kwenye kujaza chupa."

"Kesho utaenda."

Akaifungua kweli. Povu likapanda mbio. Mama Nafasi, japo kanuna, akalimwagia maji baridi mpaka likashuka.

"Si unaona? Imetulia," fomeni akasema, akabeba mfuko wa hopsi, akainama mlangoni na kuumimina wote.

Mama Nafasi alitupa mpira, akamdaka mkanda na kumvuta kwa nguvu. Waliangukiana sakafuni. Povu likaruka pale kilipokuwa kichwa cha fomeni, likamchoma mama mkononi. Aliinuka, akafunga koki, kisha akaweka mkono chini ya maji baridi. Fomeni alibaki amekaa sakafuni. Habari ya chupa haikutajwa tena.

Jioni vidole vya mumewe vilifika kwenye malengelenge.

"Sehemu hii ya mkono mtu haungui akichemsha. Umemvuta nani?"

"Fomeni."

"Kapona?"

"Hana hata alama."

Mumewe hakuuachia mkono. "Ulikuwa mbali naye?"

"Hatua mbili." Kisha akaongeza: "Siku yako nilikuwa hatua kumi. Nilikuona ukiinama, mume wangu."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nasikia deki yako. Haikusimama."

Akaendelea kupapasa taratibu, akiyakwepa malengelenge, hadi kiwikoni. Kisha akaomba chakula.