Barua ya Wagalatia

Enzi zetu, sisi tuliolelewa na makatekista, ramani ilichorwa kwa jivu. Jumamosi, mama akishafagia uwanja wetu kule Wundanyi, baba alichota jivu la jikoni kwa kopo akatuchorea Galatia: nyanda za juu katikati ya nchi ambayo leo ni Uturuki, mto mrefu uliojipinda, na jiwe moja mahali pa Ankara. Tulitembea juu yake pekupeku. Aliyekanyaga nje ya mpaka hakupewa kiazi kitamu mpaka ataje majirani: Frigia, Kapadokia, Ponto, Bithinia. Vijana wa leo wana dunia nzima kwenye simu na bado wanapotea wakienda mtaa wa Al Rigga, Dubai.

Baba alitueleza kuwa Wagalatia walitoka mbali, Ulaya, wakaja kama askari wa kukodiwa, wakakuta baridi na malisho ya kondoo, wakabaki. Baadaye Warumi wakaifanya nchi yao jimbo. "Walikwenda kutafuta kazi tu," alikuwa akisema, "wakazikwa huko huko." Sisi tulikuwa tunangoja viazi.

Mimi kilichonisumbua ni ule waraka wa Biblia kwa Wagalatia. Mtume aliwaandikia kwa ukali vile, mbona hawakumjibu? Nikachana karatasi ya daftari nikajibu kwa niaba yao: shikamoo Mtume, barua tumeipata, tutajirekebisha, huku mvua imenyesha. Baba alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaikunja akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

Miaka ya 2010 ilinikuta mlinzi wa jengo Dubai Marina. Baba, asiyependa simu, aliniandikia: "Huko wanapita watu wa kila nchi. Ukimpata wa Ankara, muulize kama baridi ni kali kama nilivyowafundisha."

Nilimpata. Alikuwa mpangaji wa ghorofa ya tisa, akaniambia theluji huwafika magotini. Nilifurahi sana, nikasema nitamwandikia baba Ijumaa. Ijumaa nikafua sare nikalala. Iliyofuata nikapangiwa zamu. Zikapita nyingi.

Dada alipiga simu mchana, nikiwa langoni. Baba amefariki. Nikaomba ruhusa. "Inshallah, mwezi ujao," alisema arbab, bosi mwenye kibali changu cha kazi, na baba akazikwa bila mimi.

Katika kitabu chake cha sala dada alikuta barua moja tu yenye mwandiko wangu. Utotoni niliwajibia watu waliokufa zamani, nisiowajua hata mmoja. Ukubwani baba aliniuliza swali moja, na jibu nilikuwa nalo.