Siku Mdogo Wangu Alipochagua Gulioni

Nyumbani kwetu Didia nilisifika kwa maswali mpaka baba akaniita hakimu. Swali lililonikaa kooni kuliko yote lilihusu chagulaga. Vijana wanamzingira binti njiani au gulioni, wanamwambia achague mmoja wao wa kumwoa, na hawamwachii mpaka achague. Nilitaka kujua, kama hamtaki hata mmoja, inakuwaje? Mama alinijibu kwamba ndivyo walivyoyakuta, nikamalizie kupukuchua mahindi.

Mama mwenyewe alichagua akiwa bado kigoli. Shangazi zangu waliisimulia habari hiyo kwa vicheko, jinsi alivyomwonyesha baba kwa kidole huku analia. Mama alicheka nao, na mimi sikuelewa kinachochekesha.

Siku moja ya gulio mdogo wangu wa kike, ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba, alitumwa sabuni. Mimi na bibi tulikuwa tumeketi tunauza michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Mara nikaona vijana wamemzunguka, wengine bado wameshika kofia za bodaboda.

"Chagulaga, mayu," walimwambia, wakimwita mama kwa lugha yetu.

Niliogopa. Hata hivyo macho yangu ya udadisi hayakutulia. Muuza nyanya aliendelea kupanga mafungu yake, fundi baiskeli akaendelea kujaza upepo. Wote walikuwa wanaona, na kwao ilikuwa siku ya gulio kama nyingine.

Mdogo wangu alitazama huku na huku, kisha akanyoosha mkono juu ya mabega yao, kuja kwetu.

"Namchagua bibi."

Vijana walicheka. Bibi hakucheka. Alikung'uta kanga, akapenya katikati yao na kumshika mjukuu wake mkono.

"Mmesema achague," alisema. "Amechagua."

Akabaki amesimama, akiwakazia macho. Mmoja akatoa shikamoo, wengine wakafuata, na njia ikapatikana.

Jioni nilimsimulia mama tukiosha vyombo, nikiziongeza kidogo zile shikamoo ili zinoge. Nilitegemea acheke, kama anavyocheka na shangazi. Aliiacha sufuria majini, akanigeukia.

"Kumbe mtu anaweza kumchagua bibi?" aliniuliza.