Mkono wa Tano

Siku ya Jumatatu, huku akiwa amebana pini kwenye kona ya mdomo, fundi wa mapazia alimwambia dada yake kwamba anaacha kuogelea. Alilitamka jambo hilo kwa sauti ile ile anayotumia kutaja upana wa dirisha la mteja. Dada yake alisimamisha cherehani.

"Unaacha kwa muda au unaacha moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Mashindano ya Jumamosi ndiyo ya mwisho."

"Afadhali," dada alisema. "Nimechoka kushona na mtu anayesinzia mchana kama paka aliyeshiba."

Kisha akamtazama mdogo wake usoni, akaona kwamba utani ule haukufika popote. Akarudi kwenye kitambaa chake.

Fundi huyu, ambaye wenzake wa bwawani humwita Mama Mapazia, ana miaka arobaini na minane. Aliingia majini akiwa mtu mzima tayari, baada ya daktari kumwambia kwamba mgongo wake hautauvumilia mkao wa cherehani bila mazoezi. Alijifunza pamoja na watoto wa shule ya msingi, ameshika ubao wa kuelea wenye picha ya samaki anayecheka. Hakupenda kutia uso majini, kwa hiyo akachagua kuogelea chali. Kocha, mwalimu mstaafu wa michezo aliyekuwa akifundisha watu wazima alfajiri, alimwona siku moja akipita amenyooka kama rula, akamwambia ahame kutoka upande wa watoto. Mwaka uliofuata alimwandikisha kwenye mashindano ya watu wazima. Alishika nafasi ya mwisho, akatoka majini anacheka.

Watu humuuliza anapata wapi moyo wa kuamka gizani mwaka baada ya mwaka. Jibu lake huwa moja. "Siendi kwa moyo. Naenda kwa sababu sitaki kukunja kamba." Kikundi chao kina sheria kwamba anayeingia majini wa mwisho ndiye anayekunja kamba za kutenganisha njia baada ya mazoezi. Ni kamba nzito, zina ute, na zinaumiza vidole. Asubuhi ya mvua, wazo la kamba hizo limemtoa kitandani kuliko wazo lolote la medali.

Lakini kilichomfanya abaki miaka yote ni saa ya Kocha. Kila msimu alipunguza muda wake kidogo, wakati mwingine kwa sekunde nzima, wakati mwingine kwa kiasi ambacho mtu asiye mwogeleaji angekicheka. Kwenye karakana hakuna kitu cha namna hiyo. Pazia likining'inia vizuri, mteja hulipa na kulisahau. Majini aliweza kuwa bora kuliko mwaka jana, na kulikuwa na saa ya kushuhudia.

Kisha bwawa likafungwa kwa matengenezo. Lilikaa miezi kadhaa likiwa kavu, na lilipofunguliwa tena vigae vilikuwa vipya, maji yalikuwa ya buluu kali, na Mama Mapazia alikuwa mzito. Katika mita mia mbili za chali alikuwa nyuma ya muda wake wa zamani kwa sekunde nane. Mwanzoni alijiambia ni kutu tu. Akalala mapema, akaacha vitu vya kukaangwa, akafunga mpira wa mazoezi kwenye kitasa cha mlango wa karakana na kuuvuta wateja wakimshangaa. Sekunde nane hazikutikisika. Bega la kulia likaanza kuuma.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Mwogeleaji wa chali haoni anakokwenda. Hutegemea bendera ndogo zilizotundikwa kwenye kamba juu ya maji karibu na kila ukuta. Akiziona juu yake huhesabu mikono anayopiga hadi pa kugeukia. Mama Mapazia alikuwa mtu wa mikono minne, miaka yote. Sasa upande wa kuanzia ulibaki minne, lakini upande wa pili, penye ukuta wa kusogezwa unaolitenga bwawa kubwa na la watoto, minne haikufika. Ilibidi aongeze wa tano.

Alichukua mkono huo wa tano kuwa ndio umri wenyewe. Aliona anafika upande ule akiwa amekwisha.

Kama angeuliza, angegundua kwamba wote walikuwa wanaongeza mkono. Hakuuliza. Zamani walikuwa wakipigiana kelele za muda kutoka njia moja hadi nyingine, huku wakitambiana. Baada ya bwawa kufunguliwa, kila mmoja alisogea kwa Kocha akaangalia saa peke yake, kisha akaenda kuoga kimya. Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kwa kelele zake majini huitwa Injini, aliwahi kusema tu kwamba mashine ya kusafishia maji siku hizi inasukuma vibaya upande wa watoto. Walicheka. Kocha naye aliona saa yake, akaamua kwamba kundi zima limelegea wakati wa likizo, akawaongezea kazi.

Jumamosi walifika kwenye bwawa la mashindano wamechelewa. Njia za kupashia mwili zilijaa watu, kila mtu akiogelea na visigino vya mwenzake usoni. Hakuna aliyepata nafasi ya kugeuka kwa kasi. Dada alikuwa jukwaani na mwavuli wake, amefunga karakana ili ashuhudie mwisho.

Injini aliingia kwanza, mita hamsini chali. Alitangulia vizuri. Akapita chini ya bendera, akapiga mikono yake kwa imani kamili, na kichwa chake kikagonga ukuta kwa mlio uliosikika hadi jukwaani.

"Breki!" mtu mmoja alipiga kelele. "Breki, mzee!"

Watu walikuwa bado wanacheka wakati mwenzao mwingine, mfamasia, alipoingia katika mbio zilizofuata, akafika ukuta ule ule, akagonga vile vile. Safari hii Kocha hakucheka. Alimfuata Injini, aliyekuwa amekaa na barafu kichwani.

"Ulipiga mikono mingapi?"

"Kama kawaida, Kocha. Mitano. Hawa ukuta wao wameuleta karibu."

Kocha akamgeukia mfamasia. "Na wewe?"

"Minne. Nyumbani upande ule napiga minne. Zamani ilikuwa mitatu, lakini..."

Kocha alizitazama bendera, akautazama ukuta. Kisha akaenda kwa kasi hadi walipokuwa wamepangwa waogeleaji wa mita mia mbili, akamshika Mama Mapazia kiwiko.

"Huku piga minne. Pande zote mbili."

"Kocha, minne hainifikishi. Siku hizi..."

"Siku hizi hakuna kitu. Minne, halafu geuka. Ukitoka nitakueleza."

Alipiga minne. Anasema kwenye ukuta wa kwanza alifumba macho, akingoja kugeukia maji matupu, na miguu yake ikaukuta ukuta pale pale ilipokuwa ikiukuta miaka yote. Kuanzia hapo hakufikiria chochote. Alimaliza wa tatu. Alipogeuka kutazama ubao wa muda alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alikuwa ameupiku muda wake bora kabisa kwa karibu sekunde moja.

Hakutoka. Alishikilia ukuta hadi mwamuzi akamwinamia kumuuliza kama ni mzima. Kocha naye akapiga goti pembeni.

"Ni bwawa letu," alisema. "Ule ukuta wa kusogezwa wameusogeza upande wa watoto. Nguzo za bendera hazikuguswa. Tumekuwa tukiogelea mita moja ya ziada kila tukienda na kila tukirudi."

"Nilidhani ni mimi," alisema Mama Mapazia.

"Hata mimi nilidhani ni mimi," alidakia Injini kutoka nyuma.

"Mimi nimekuwa nikinywa dawa za kuongeza damu," alisema mfamasia. "Za kwangu mwenyewe. Za dukani kwangu!"

Hapo ndipo Mama Mapazia alipocheka, na kicheko kikageuka machozi, na kwa kuwa alikuwa majini hakuona haja ya kuyaficha.

Dada alishuka jukwaani na taulo.

"Kwa hiyo huachi."

"Siachi, Dada."

"Nilijua tu." Alimfunika mabega, akamsugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Tangu Jumatatu sijalala vizuri. Najiuliza, huyu akishinda karakanani kutwa nzima bila kusinzia, nitamsema kwa lipi?"

Siku iliyofuata msimamizi wa bwawa la nyumbani aliwaambia kwamba bwawa ni bwawa, haliwezi kurefuka. Mama Mapazia alitoa utepe wake mrefu wa kupimia vitambaa vya kumbi, Injini akashika ncha moja, na msimamizi akatembea nao ukingoni hadi akaisoma mwenyewe ile mita ya ziada. Mafundi walikuwa wameingiza vyuma vinavyoushikilia ule ukuta wa kusogezwa kwenye matundu ya mstari wa pili badala ya wa kwanza. Ingelazimu kupunguza maji ili kuurudisha, na hilo lisingewezekana kabla ya wiki moja kuisha.

"Ingieni hivyo hivyo," Kocha alisema. "Sasa mnajua." Halafu akamwonyesha Mama Mapazia kidole. "Wewe hapana. Hilo bega lipumzike siku mbili."

Tangu bwawa lifunguliwe hakuwahi kupumzika hata siku moja, kwa kuogopa kwamba siku hiyo ndiyo ingemmaliza. Alikunja suruali hadi magotini, akakaa ukingoni, akatumbukiza miguu. Wenzake walipita mbele yake wakirusha maji, wote wakiwa nyuma ya muda wao wa zamani, na jua lilikuwa linaanza kuingia kwa madirisha ya juu. Alikaa hapo mpaka mazoezi yakaisha, bila kufanya chochote.